Kanuni ya Anayekaa Mlangoni

Nimestaafu nikiwa na meno yangu yote na kichwani sina hata mvi moja. Jambo hili linawachekesha watu wa Garsen, ambao kwao mstaafu ni mtu mwenye fimbo na dawa za presha. Lakini nilikuwa katibu wa uanachama na kanuni wa chama cha taifa cha wachunguzi wa mapango, na kanuni inasema katibu hapiti vipindi viwili. Niliiandika mwenyewe. Siku ninaiandika nilikuwa nafikiria watu wengine.

Sasa sanduku la kamba liko kwa Bonaya, aliyechukua nafasi yangu, na ameniomba niwaandikie ninyi mnaoingia nyuma yetu jinsi kazi ilivyokuwa. Nilimwahidi ukurasa mmoja kufikia Ijumaa. Ijumaa ilipita, na nyingine ikapita, kwa sababu kila nikimaliza aya naiona imepinda, naifuta. Mtanisamehe. Mimi ni mtu wa kurudi nyumbani kutoka stendi kuangalia kama nimefunga kufuli; nikifika nakuta limefungwa, na nikirudi stendi naanza kujiuliza kama nililivuta vizuri wakati nalikagua. Tabia hiyo imenitesa sana. Kwenye kamba tu ndiko imenifaa.

Swali la kwanza mtakaloulizwa, kama nilivyoulizwa mimi kila mkutano, ni hili: inakuwaje katibu wa chama cha mapango akae Garsen? Kwetu ardhi imelala chali. Mlima wetu ni lile tuta la barabara linalopanda kwenda darajani. Ukitaka pango, ushuke Kilifi kwenye mawe ya matumbawe, au uende bara kwenye vilima vya volkeno. Hapa tuna mto, ng'ombe, miti ya mathenge yenye miiba, na mbu. Jibu langu huwa fupi: mapango hatuna, lakini visima tunavyo, na tunaye Mzee Jillo.

Mzee Jillo alikuwa mchimba visima. Nilimjua mwaka ambao mto ulifurika na shangazi yangu akaapa hatakunywa tena maji yenye rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimemaliza sekondari, nina kibanda cha kuchaji simu na kuchapishia watu barua, na kompyuta niliyojifundisha mwenyewe kwa kuiogopa. Mzee alikuja na msaidizi mmoja, kamba ya katani, ndoo na koroboi. Nilidhani koroboi ni ya kumulikia. Kumbe kila asubuhi, kabla mtu hajashuka, aliiwasha na kuiteremsha peke yake hadi chini, kisha akachungulia. Ikiendelea kuwaka, mtu anashuka. Ikififia, hewa ya chini ni mbaya. Watu wanabaki juu, wanapepea shimo kwa matawi, wanasubiri.

Shangazi hakupenda kusubiri. "Mzee, tangu asubuhi mnatazama taa. Nimewapikia wachimbaji au walinzi?"

"Mama, ukitaka niingie sasa hivi naingia," Mzee akamjibu bila kuinua macho. "Lakini hicho kisima utakifukia, na mimi nimo ndani."

Shangazi akarudi jikoni.

Msaidizi alipougua malaria, nikasema nitashuka mimi. Nilisema kwa mzaha, nikitarajia kukatazwa. Mzee alinitazama, akatazama miguu yangu, akaniuliza kama huwa nakula asubuhi. Halafu akanifundisha fundo moja.

"Tena," akasema nilipomaliza.

"Kwani nimekosea?"

"Umefunga sawa. Tena."

Nililifunga na kulifungua mpaka vidole vikawaka moto. Shuleni nilikuwa nafokewa kwamba nawachelewesha wenzangu kwa kurudiarudia. Huyu ndiye mtu wa kwanza maishani mwangu aliyetaka nirudie. Nilimpenda siku hiyohiyo.

Chini ya kisima kuna baridi ambayo Garsen haina mahali pengine popote. Mbingu inakuwa sahani. Nikiwa pale nilisikia Mzee akiita. Hakuita jina langu. Aliita sauti moja ndefu, "Oooo-ee," ikianzia juu na kushuka polepole. Ilikuwa sauti ya kivukoni. Baba yake alikuwa akivusha watu kwa mtumbwi kabla ya daraja, na msafiri aliyefika ng'ambo alisimama ukingoni akaita hivyo, maana maneno hupotea juu ya maji lakini sauti ndefu hufika. Shimoni pia maneno hupotea. Yanagonga kuta na kurudi makombo. Aliye juu anaita, aliye chini anajibu kwa sauti hiyohiyo. Mara moja, niko salama. Mara mbili, nivuteni.

"Na nikinyamaza?" nilikuwa nimemuuliza.

"Kimya si jibu. Ukinyamaza nakuvuta, hata kama unafunga kamba ya kiatu."

Na anayekaa juu haondoki. Haendi haja, hashiki simu, hageuki. Siku moja mkwe wa Mzee alipita uani kwa shangazi akatoa salamu, na Mzee hakumwitikia kwa sababu nilikuwa chini. Ilibidi jioni apeleke sukari na majani ya chai kuomba radhi.

Chama sikukitafuta; kilikwama mbele ya kibanda changu. Barabara ya Lamu ilikuwa imekatwa na maji na magari yamejipanga mjini. Juu ya gari moja kulikuwa na kamba za rangi. Kiongozi wa kundi lile, Bi Njoki, mwalimu wa jiografia kutoka Nairobi, aliingia kuchaji simu. Mzee Jillo, aliyekuwa ameketi kwangu akipumzika, alitoka nje, akashika kamba moja na kuanza kuipitisha vidoleni, macho yamefumbwa, kama mtu anayenunua mbuzi.

"Mnachimba wapi?" akamuuliza Bi Njoki.

"Hatuchimbi, Mzee. Tunaingia mapangoni."

"Kutafuta nini?"

"Kuona. Kupima, kuchora ramani."

"Halafu mnatoka?"

"Halafu tunatoka."

Mzee akanigeukia. "Muna, hawa watu wamepata kazi nzuri. Kisima kisicho na shangazi."

Walikaa Garsen mpaka maji yakapungua, na muda wote ule Mzee na Bi Njoki walikuwa wakibadilishana mambo kama watoto wanaobadilishana gololi. Mzee alimpa sauti ya kivukoni na habari ya koroboi. Bi Njoki akamwonyesha vyuma vinavyong'ata kamba, ambavyo mtu huvifunga kiunoni na mguuni akapanda mwenyewe bila kuvutwa. Mzee, aliyekuwa amevutwa na wanaume maisha yake yote, alipanda kamba iliyofungwa kwenye paa la stoo akashuka, akapanda tena, akashuka, mpaka watu wa sokoni wakaja kutazama.

Barabara ilipofunguka, mimi na Mzee tuliondoka nao kwenda Kilifi. Pango langu la kwanza nalikumbuka kwa kungoja. Tulikaa asubuhi nzima na wazee wa mji na mwenye shamba, tukasalimiana, tukaeleza, tukaambiwa chumba gani hatutaingia. Hatukuingia. Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza katika katiba yetu, na msije mkaihamisha ukurasa. Halafu mlangoni nilikagua fundo langu mpaka Bi Njoki akasema, "Muna, hilo fundo limeshakuchoka." Nikashuka. Palikuwa na popo, harufu yao inayochoma pua, mizizi inayoning'inia kama nywele, na magamba ya kome ndani ya dari, bahari ya zamani juu ya kichwa changu. Niliogopa hadi nikasahau kulikagua fundo. Kisha ikaja ile sauti kutoka juu, "Oooo-ee," na ghafla nikawa nimo kisimani kwa shangazi. Nikajibu.

Tulipoamua kuwa chama, nilifanywa katibu kwa sababu nilikuwa na printa. Msajili wa vyama alitaka katiba, na mimi sikuwa nimewahi kuandika katiba. Ndani ya kompyuta yangu kulikuwa na moja tu, ya chama cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu, niliyokuwa nimewachapia. Niliichukua, pale penye kuzika nikaweka kushuka, pale penye msiba nikaweka safari, nikajiona mjanja. Katika mkutano mkuu wa kwanza Bi Njoki aliisoma kwa sauti. Alifika mahali akasita, kisha akasoma kwa utulivu wa mwalimu: "Mwanachama akishushwa, familia yake itapewa turubai na sufuria mbili kubwa."

Watu walicheka mpaka wakashikana. Bonaya, kijana wa Chewele aliyejiunga baada ya kutubebea kamba kwa bodaboda yake, alisimama akainua mkono. "Mwenyekiti, mimi naunga mkono. Walahi, sufuria ni sufuria."

Nilitamani kushuka shimo lolote, hata bila kamba. Majuma yaliyofuata niliisafisha katiba ile kama mtu anayechambua mchele. Kila kilichonuka matanga kilitoka: turubai, sanda, zamu za kupika, na kifungu kimoja kilichosema mzee asiyeweza tena kuchimba kaburi atakaa mkekani na wafiwa, naye atahesabiwa amechimba. Sikukitazama mara mbili. Kilihusu makaburi.

Kifungu nilichokipenda kilikuja baadaye, na kililetwa na tumbo la mtu. Tulimpokea bwana mmoja mwenye tumbo kubwa, aliyekuwa ametembelea mapango ya ng'ambo na ana picha zake. Kila tulichomwonyesha alijibu, "Najua." Katikati ya kamba, pale unapotakiwa kufungua vyuma vya kupandia na kuvaa cha kushukia, hakujua, na tumbo lilimzuia hata kuviona. Alining'inia pale mchana mzima, akizunguka polepole kama nyama ya kuchoma, huku Mzee na Bonaya wakihangaika kumtoa. Alitoka mzima. Mwaka uliofuata hakurudi.

Mkutanoni Mzee Jillo, ambaye hupenda kunyamaza, aliomba neno. Alisema kila mwaka kila mtu aning'inie mbele ya macho ya wenzake: apande, abadilishe vyuma katikati, ashuke mwenyewe. Asiyeweza si mwanachama mpaka aweze. Na anayekaa mlangoni mwa pango kuita awe miongoni mwa waliopita, kwa sababu kukiharibika ni yeye atakayeshuka kuwafuata.

"Hata waanzilishi?" mtu akauliza.

"Mimi nitapanda wa kwanza," akasema Mzee.

Nilikiandika jioni ileile. Hakina neno "isipokuwa". Ni kifungu pekee maishani mwangu ambacho sikukirudia.

Maombi ya uanachama yatawachosha na kuwafurahisha. Kulikuwa na mkulima wa Bura, mwandiko safi, aliyetaka kujiunga kwa ajili ya mbolea ya popo. Nilimjibu kwamba wanachama hawatoi kitu pangoni. Akaandika tena, kwa heshima zote, kuuliza kama kuna daraja jingine la wanachama ambao hutoa. Kulikuwa na mhubiri aliyetaka mahali pa kufunga na kuomba, na alisikitika kusikia tunaingia na chapati. Bwana mmoja wa Kipini alituma ramani ya hazina ya Wareno iliyochorwa na babu yake. Ilikuwa nzuri kuliko ramani zangu zote na nilimwonea wivu marehemu. Wajibuni wote. Mtu aliyejibiwa vizuri hatavunja kufuli la lango la pango.

Kuhusu kamba, neno moja. Zioshwe kwenye beseni, zianikwe kivulini, maana jua la Garsen huua kamba bila kuacha alama. Zitundikwe, sakafuni kuna mchwa. Kila mwezi mzipitishe vidoleni macho yakiwa yamefumbwa, kama alivyofanya Mzee kwenye gari la Bi Njoki, kwa sababu kidole huona kovu ambalo jicho hulipita. Na kamba istaafu kabla ya kuharibika. Sisi huzikata vipande, mtu asije akashawishika, na vipande huenda kwa kina Bonaya. Ng'ombe wengi wa Chewele walilelewa wakiwa wamefungwa kwa kamba zilizoona mapango.

Mtihani wa tawi letu hufanyika kwenye mnara wa tangi la maji wa shule moja mjini. Mwaka wangu wa mwisho ofisini, Mzee alifika mapema kama kawaida, kanzu kaikunja na kuiweka juu ya jiwe, amebaki na suruali yake ya kazi.

"Golikipa!" Bonaya akamwita. Ndilo jina alilompa kwa sababu ya kukaa mlangoni. "Leo usipande haraka, utatuaibisha vijana."

"Wewe aibu uliiacha Chewele, tena ukiwa unanyonya."

Alipanda. Alipanda polepole, lakini kila mwaka alipanda polepole. Kwenye alama, pale pa kubadilisha vyuma, lazima ujiinue kidogo kwa mkono mmoja ili chuma kilegee. Bega lake la kulia liliwahi kugongwa na kalvati, ile pete ya saruji ya kujengea kisima. Alijiinua, chuma hakikulegea. Akapumzika, kofia yake ngumu imeegemea kamba. Akajaribu tena. Miguu ikayumba. Bonaya aliacha kucheka. Wote tulianza kutazama viatu vyetu.

Bi Njoki alisogea karibu yangu. "Muna," akasema kwa sauti ya chini, "amepanda. Huyu mzee ametushikia kamba sote. Mpitishe."

Kalamu ilikuwa mkononi. 

"Njoki, nakusikia," sauti ikatoka juu. "Sauti inapanda, hujui?" Akahema. "Muna, nimebadilisha?"

"Bado, Mzee."

"Basi andika bado. Kisha mnishushe, jua kali."

Tulimshusha. Alifungua mkanda mwenyewe, akaukunja kama anavyoukunja siku zote, akauweka sandukuni, akavaa kanzu yake. Aliomba maji. Alimwambia Bonaya apande, zamu yake imefika.

Kwa kanuni yetu alikuwa ametoka chamani siku ile, na mlangoni hawezi kukaa. Wiki chache mbele tulikuwa na safari ya pango la Kilifi ambalo tulikuwa tukilipima msimu baada ya msimu. Kilibaki chumba kimoja cha mwisho. Ramani ilikuwa yangu, na mwishoni mwake palikuwa na sehemu nyeupe iliyokuwa ikinikera kama jino bovu. Nilikuwa nimeapa sitatoka ofisini kabla ya kuijaza. Sasa ningeijaza, lakini juu yangu angekaa nani? Nakiri kwamba sijawahi kushuka mahali popote chini ya sauti ya mtu mwingine.

Mzee aliacha kuja kibandani. Nilipoenda kwake nilimkuta mkewe mlangoni. "Nenda umtoe uani," akaniambia. "Anaangalia kuku tangu juzi. Kuku wenyewe wamechoka kuangaliwa."

Alikuwa ameketi kwenye ndoo iliyopinduliwa. Nilimwambia Bi Njoki anapendekeza uanachama wa heshima.

"Wa heshima anafanya nini?"

"Anaalikwa mikutanoni. Anakaa kiti cha mbele."

"Na pangoni?"

"Pangoni hapana, Mzee."

"Kiti hicho mpeni mtu mwenye suruali nzuri."

"Basi naweza kuandika kwamba waanzilishi..."

"Muna." Aliacha kutazama kuku. "Ukiniandikia mimi 'isipokuwa', yule bwana wa tumbo anarudi kesho na yake mkononi. Utamwambia nini?"

Nilikaa chini, nikatazama kuku pamoja naye.

Mkutano mkuu ulikuwa Garsen, katika darasa la shule ileile ya tangi. Mzee alikuja, akakaa nyuma dirishani pamoja na wageni. Bi Njoki alitoa hoja ya uanachama wa heshima na darasa likanyamaza ule unyamavu wa watu wasiopenda jambo lakini hawana jingine.

Bonaya akainua mkono. "Mimi nauliza tu. Kile kifungu cha matanga kilienda wapi?"

"Kipi?" Bi Njoki akauliza.

"Cha wazee. Si kilikuwa kwenye ile katiba ya sufuria? Huku mtaani tukichimba kaburi, mzee hashiki jembe, anakaa mkekani na wenye msiba. Jina lake linasomwa pamoja na wachimbaji. Hakuna anayesema hakuchimba."

Watu wakacheka, wakikumbuka sufuria. Mimi masikio yaliwaka. Kilikuwemo. Nilikitoa mwenyewe kwa sababu kilinuka maiti.

Lakini kucheka hakukutosha. Anayekaa mlangoni anatakiwa apite mtihani kwa sababu ya maana, na sababu ile haikuwa imefutika kwa kuwa tunampenda mtu. Mnajua kwamba mimi huandika hata salamu zangu kabla ya kuzisoma. Siku ile nilisimama bila karatasi. Nilisema kazi ya mlangoni tumekuwa tukiihesabu moja na kumbe ni mbili. Kuna sauti na kuna miguu. Tuweke watu wawili: mmoja wa kuita, mmoja wa kushuka kukiharibika. Wa miguu lazima awe amepita kamba. Wa sauti, kama aliwahi kupita na sasa mwili umekataa, si lazima. Na wote wawili wahesabiwe wameingia.

"Kwa hiyo kila safari mtu mzima mwenye nguvu zake anabaki nje?" mwanachama mmoja wa Nakuru akauliza. "Mimi nipande gari usiku na mchana nije nitazame shimo?"

"Ndiyo."

"Nani atakubali?"

Darasani palisikika feni tu, nayo ilikuwa mbovu. Nilifikiria sehemu nyeupe ya ramani yangu. Niliifikiria vizuri sana, nawaambia ukweli, na nilingoja mtu mwingine aseme. Kisha nikasema, "Mimi. Safari hii."

Bi Njoki alinitazama kwa muda mrefu, maana anaijua ramani ile. Halafu akamtazama Mzee kule dirishani. "Mzee, mgeni wetu, una neno?"

"Nina sharti," akasema Mzee. "Asiniulize kila saa kama nimesikia."

Kifungu kilipita kwa mikono mingi. Hicho ndicho mnachokisoma leo kwenye katiba kama kifungu cha anayekaa mlangoni, kirefu kuliko vyote. Nilikirudia mara nyingi sana.

Basi siku ya safari niliketi juu ya jiwe mlangoni mwa pango, mkanda kiunoni, vyuma vyote tayari, upepo wa baridi ukitoka chini na kunipita miguuni. Wenzangu walishuka mmoja mmoja. Bonaya alikuwa wa mwisho, ubao wa kuchorea kifuani. Nilikuwa nimemfundisha kupima na kuchora mpaka akatishia kurudi kwenye bodaboda. Mkiitazama ramani hiyo, chumba cha mwisho kinafanana na kiazi kitamu. Alikichora yeye, nami sijakigusa, isipokuwa mstari mmoja.

Mzee alikaa upande wa pili wa kamba, mkono juu yake. Muda ulipofika akaita. Nilikuwa nimeisikia sauti ile miaka yote kutoka chini, ikishuka kwangu imekamilika, imetulia, kama vile aliyeitoa hajui wasiwasi ni nini. Sikuwa nimewahi kumwona akiitoa huku mtu yuko chini. Alipomaliza kuita, mkono wake uliikaza kamba mpaka vifundo vya vidole vikapauka. Hakuwa akipumua. Jibu likatoka chini, dogo, mara moja. Mkono ukalegea, akavuta pumzi.

"Mzee," nikasema, "unaogopa?"

"Kila mara."

"Hata kisimani kwa shangazi?"

"Pale ndiyo zaidi. Ulikuwa mtoto wa watu." Alitazama shimo. "Kwani unadhani lile fundo nilikufanya ulirudie kwa nini? Ulilifunga sawa mara ya kwanza. Nilikuwa nangoja moyo wangu ukae chini."

Miaka yote ile nilidhani ni mimi peke yangu.

Muda wa kuita ulipofika tena, vumbi lilimkaba, akakohoa, sauti ikakatika njiani. Akanyoosha kidole kwangu. Nilijaza kifua nikaita. Ilitoka nene na fupi, kama ndama aliyepotea. Kimya. Nilishika kamba kwa mkono wangu mwenyewe, juu ya mkono wake. Halafu chini kabisa, mbali, "Oooo-ee." Mara moja.

"Umeanzia chini mno," Mzee akasema. "Ianzishe juu, kisha iteremke. Tena."

"Lakini wameshajibu."

"Wamejibu. Tena."

Nikaita tena, nikianzia juu. Safari hii kilichorudi kilikuwa maneno, yamegongwagongwa na kuta lakini yanasikika, nayo yalikuwa ya Bonaya. "Tumesikiaaa! Walahi, kwani mnataka nini?"

Mzee Jillo alicheka mpaka machozi yakamtoka, bila kuiachia kamba.

"Tena," akasema.